Umeambiwa pingili za mgongo zimesagika. Sasa?

Karatasi ya eksirei hunifikia imekunjwa mara nne, imetoka ndani ya mkoba, chini ya kadi ya kliniki na pakti ya vidonge iliyobaki viwili.

"Mwanangu, pingili zishasagika hizi," bibi mmoja wa Wawi aliniambia hata hajakaa kitako. "Mafuta yote yamekwisha. Nimeambiwa nisiiname tena maisha yangu." Kisha akainama mpaka sakafuni kuokota ufunguo uliomponyoka. Sikumwambia kitu, nilimngoja akae.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, nafanya kazi hapa Chake Chake, Pemba, na hilo neno "kusagika" nagombana nalo kila siku. Ni neno la kinu. Ukishaambiwa hilo, kila ukigeuka kitandani unaona unga unamwagika. Hakuna unga.

Kilichopo ni hiki. Mgongo wako una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Kwa mbele, kati ya pingili na pingili, karibu kote kuna diski, kama kijito laini. Kwa nyuma zimeungana kwa viungo vidogo viwili viwili, mfano wa bawaba za mlango, vilivyofunikwa gegedu, ule utando laini wa kwenye ncha za mifupa. Umri ukienda, diski hupoteza maji na kushuka kimo, gegedu hupungua, na mfupa huotesha vinundu pembeni. Hiyo ndiyo yabisi ya uti wa mgongo. Inaweza kuuma sana, sikatai. Lakini inaweza pia kukaa humo ndani miaka mingi bila mwenyewe kujua. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za watu 3,110 waliopigwa picha za mgongo ilhali hawana maumivu yoyote. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu wasioumwa! Wanatembea, wanacheka, na picha zao zingekutisha.

Nakiri kosa langu. Miaka ya mwanzo nami nilikuwa nikilitumia neno hilo, tena kwa fahari ya kijana aliyetoka chuo. Nilimwambia hivyo mvuvi mmoja, akaacha kwenda baharini, akakaa barazani karibu mwaka mzima. Aliporudi kwangu mapaja yamekonda, hawezi kusimama bila kushika ukuta. Pingili zake zilikuwa zile zile. Kilichokwisha ni nyama za kuzibeba.

Siku hizi nikishaiona picha naiweka pembeni na kuuliza: katika swala, panapouma ni wapi? Watu hushangaa, wengine hudhani nataka kuwahubiria. Lakini hakuna kipimo kinachonifaa kama hicho, maana mtu anakifanya mara tano kwa siku na anajua vizuri kabisa ni wapi anaposhituka. Anayeumwa na kisimamo kirefu, hasa tarawehe, kisha akisujudu anapata raha, mara nyingi ni wa zile bawaba za nyuma, au njia ya mishipa ya fahamu imebana. Kusimama wima na kujipinda nyuma kunazifinya, kuinama kunazifungua. Anayesimama vizuri lakini akienda rukuu, ule mwinamo wa mikono magotini, anakatwa na kitu kinachoshuka mpaka mguuni, na akikohoa kinamchoma, huyo namfikiria diski kwanza. Kuhusu kuswali juu ya kiti, muulize shekhe wako. Mimi langu mgongo.

Yule aliyebanwa njia ya mishipa utamtambua hata barabarani. Akitembea mikono mitupu, hatua mia mbili tatu miguu inakuwa mizito, inakufa ganzi, anatafuta pa kukaa. Mpe baiskeli aisukume, ameegemea usukani, anafika Gombani na kurudi. Jirani zake husema anajitia tu. Hajitii, huko kuegemea kunampa nafasi ndani ya mgongo. Kwa hiyo mzee wa namna hiyo simkatazi kutembea. Namwambia atembee na baiskeli, au amshike mjukuu begani, na akae kabla miguu haijamwambia akae.

Na rukuu yenyewe ina funzo. Mkono unapolishika goti na kulikaza, sehemu ya uzito wa kiwiliwili hupita mikononi, mgongo unapumzishwa. Sasa tazama tunavyoinama nyumbani: kuchungulia chungu, kufungua bomba, kumvisha mtoto viatu. Mikono yote miwili ina kazi, mgongo unaning'inia peke yake. Bakisha mkono mmoja juu ya goti au ukingo wa meza. Ni jambo dogo, lakini kwa siku unainama mara ngapi?

Adui mkubwa ninayemjua Pemba nzima ni ufagio wa chelewa. Usiku diski hunywa maji, asubuhi zimejaa, na ndiyo maana unaamka mgongo kama ubao. Saa ya kwanza baada ya kuamka kuinama kunazitia taabu zaidi kuliko saa nyengine yoyote. Nasi ndiyo saa hiyo hiyo, baada ya Alfajiri, tunatoka uwanjani na kifagio cha urefu wa mkono, tumejikunja kama ndoana, nusu saa nzima. Ufunge kwenye mpini mrefu. Kamba mbili, moja juu moja chini, mpini ufike kifuani. Au fagia saa tatu, majani hayakimbii. Na mbuzi ya kukunia nazi iinue juu ya ubao mpana usiotikisika, magoti yasipande kupita nyonga.

Kitandani usinyanyuke kwa kuvuta kifua. Geuka ubavu, teremsha miguu, sukuma kwa mkono. Godoro? Wengi wamehamia chini kwenye mkeka kwa kuambiwa kwamba pagumu ndiyo dawa. Utafiti wa watu 313 uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta godoro la ugumu wa kati linawafaa wenye maumivu ya kiuno kuliko lile gumu sana. Kitanda cha kamba kilicholegea kikaze. Lakini sakafu si adhabu unayodaiwa.

Turudi kwa bibi wa Wawi, maana tatizo lake halikuwa picha wala ufagio. Ilikuwa karafuu. Msimu ukiingia anakaa jamvini tangu alasiri mpaka usiku, amenyoosha miguu, ameinamia tita, anachambua. Siku mgongo ukiwa mzuri anasema leo nimepata, anachambua mpaka taa inazimwa. Kesho yake hainuki, na kesho kutwa pia. Siku ya nne anajaribu tena kwa hasira ya siku tatu zilizopotea. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakommaliza, si kazi yenyewe.

Nikamuuliza maumivu huanza pishi ya ngapi, pishi ndiyo kipimo chake cha karafuu. Akafikiri: "Ya tatu." Basi tukakubaliana anyanyuke kila amalizapo pishi, aumwe asiumwe, azunguke nyumba mara moja, ndipo akae tena, na akifika ya tatu aache. Siku nzuri pia. Alilalamika sana kwa hilo la siku nzuri. Na tita likapandishwa juu ya meza fupi aliyotengeneza mjukuu, yeye akakaa kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta. Kujua kama amezidisha ni rahisi: uchungu ukitulia kabla ya kulala, kazi ilikuwa kwenye kipimo, ukiamka nao umezidi, punguza nusu pishi, lakini usiache. Baada ya wiki mbili, ongeza kidogo. Mgongo ukipewa kazi kwa kipimo huizoea, hata huo wenye vinundu.

Kutembea nako kumo. Utafiti wa Australia wa watu 701, uliotoka 2024, ulionesha kwamba waliopewa mpango wa kutembea walikaa kwa wastani siku 208 kabla maumivu hayajawarudia, wasiopewa 112. Hakuna kifaa, hakuna ada.

Dawa sasa. Diklofenaki inatuliza, lakini kuinunua dukani pakti baada ya pakti ni kucheza na tumbo, figo na presha. Mwenye presha au vidonda vya tumbo asiiguse bila daktari. Mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, siyakatai, yanapasha joto na mkono wa mchuaji una faida yake, ila yachanganye na ya nazi, peke yake yanaunguza ngozi. Mkanda wa kiuno, Shirika la Afya Duniani halikuupendekeza katika mwongozo wake wa Desemba 2023 wa maumivu sugu ya kiuno. Kibwebwe cha kanga kwa kazi ya saa moja hakina neno, lakini usilale nacho.

Yapo ya kukimbilia hospitali, siku hiyo hiyo: ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo umegoma au unatoka bila wewe kujua, mguu unazidi kulegea, au umeanguka mnazini au mkarafuuni na mgongo unauma. Na maumivu yasiyojali kulala wala kukaa, yenye homa, jasho la usiku na kukonda, yanataka kupimwa kifua kikuu, maana kifua kikuu hukaa hata kwenye pingili na kinatibika. Kijana wa chini ya miaka 40 anayeamka mgongo umekakamaa zaidi ya nusu saa, kisha akitembeatembea analainika, naye asiambiwe ni uzee umemwahi. Amuone daktari, kuna yabisi ya aina nyengine yenye dawa zake.

Wiki iliyopita nilipita Wawi jioni. Bibi alikuwa anazunguka nyumba, kanga kichwani, mkono nyuma, mjukuu anamfuata akicheka. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nisubiri," akasema bila kusimama, "hii ni ya pili."