Stika ya kubandika kwenye betri haiongezi chaji

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: bandika stika ya rangi ya dhahabu kwenye betri ya simu, chaji itadumu mara mbili. Si kweli. Nishati ya betri ya lithiamu imo ndani, kwenye kemikali zake, na uwezo wake wa kushika chaji huandikwa kwenye ganda, mfano 4000 mAh. Stika haina njia ya kuingiza chochote humo. Imekaa tu juu ya ganda.

Kupima si kazi. Chaji simu hadi asilimia 100, weka mwanga wa skrini katikati, zima data, kisha cheza video ileile iliyohifadhiwa kwenye simu mpaka simu izimike. Andika muda. Rudia ukiwa na stika, na usipime mara moja tu, maana dakika chache hupishana hata bila stika.

Kinachochanganya ni kwamba aliyenunua stika huanza kuibania simu: anapunguza mwanga, anafunga programu. Chaji inadumu kweli, sifa inakwenda kwa stika.

Ukitumiwa ujumbe huo usiusambaze. Aliyekutumia mweleweshe taratibu. Naye pengine katumiwa tu. Na kama betri imechoka, hela ya stika iongezee kwenye betri mpya.