Vita vya Pili vya Alpi: maana yake

"Vita vya Pili vya Alpi" ni jina la mapigano yaliyotokea kati ya Machi na mwanzo wa Mei 1945, mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwenye milima inayotenganisha Ufaransa na Italia. Wafaransa walipambana na Wajerumani pamoja na Waitalia waliobaki upande wa dikteta wao, Mussolini. Yanaitwa ya pili kwa sababu ya kwanza yalipiganwa hukohuko Juni 1940, Italia ilipoishambulia Ufaransa.

Kinachomshangaza mtu ni wakati wenyewe. Ujerumani ilikuwa taabani, na majeshi ya Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) yalikuwa yakijiandaa kuvunja ngome zake huko tambarare za Italia. Ya nini kugombea vilele vya theluji? Jibu ni mpaka. De Gaulle, kiongozi wa Ufaransa, alitaka siku bunduki zitakaponyamaza askari wake wawe wameshakanyaga ardhi ya ng'ambo, ili asiende mikono mitupu kwenye mazungumzo ya amani. Alivitaka hasa vijiji vya Tende na La Brigue, vilivyobaki upande wa Italia mwaka 1860 wakati Nice ilipokwenda Ufaransa.

Kazi hiyo alipewa Jenerali Paul Doyen. Wengi wa askari wake wa milimani walikuwa vijana waliotoka kwenye vikundi vya siri vilivyowapinga Wajerumani, na vifaa vyao havikutosha.

Tazama Mont Froid, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 2,800. Usiku wa tarehe 5 Aprili vijana hao walipanda kwenye theluji, gizani, kwenda kushambulia ngome ndogo zilizojengwa ukingoni juu. Walizipata. Lakini tarehe 12 Wajerumani wakaurudisha mlima mikononi mwao. Siku hizohizo, kusini, Divisheni ya Kwanza ya Ufaransa Huru, iliyotokana na brigedi iliyopigana Bir Hakeim nchini Libya mwaka 1942, iliteka ngome za mlima wa Authion. Hadi leo kifaru chepesi kimewekwa pale Cabanes Vieilles kama kumbukumbu.

Wajerumani waliokuwa Italia waliweka silaha chini tarehe 2 Mei. Waliokufa Mont Froid walipungukiwa wiki tatu tu kuiona amani, na mimi siwezi kulisoma jambo hilo bila uchungu.

Baada ya hapo Wafaransa waliingia mabonde ya Italia, likiwemo la Aosta, na wakakataa kutoka. Juni, Rais Truman wa Marekani akamtishia De Gaulle kwamba nchi yake itaacha kuwapa Wafaransa silaha na risasi. Wakaondoka Julai.

Ardhi yenyewe ilipatikana mezani. Mkataba wa Paris wa 10 Februari 1947 uliipa Ufaransa Tende, La Brigue na uwanda wa Mont Cenis, ulio jirani na Mont Froid.