Je, Wajua Kwa Nini Treni ya Paris Ilivuruga Vipimo vya Chembe Ndogo Kuliko Atomu?

Mwaka 1995 wanafizikia wa CERN, karibu na jiji la Geneva, walifunga vipimo vipya ndani ya sumaku mbili za mtambo wao mkubwa uitwao LEP. Vipimo hivyo husikiliza mwitikio wa viini vya atomu vilivyo ndani ya sumaku, kanuni ileile inayotumika kwenye mashine za MRI hospitalini. Walitaka kujua nguvu ya sumaku inakuwaje saa baada ya saa mtambo ukiwa kazini. Wakakuta kwamba mchana kutwa haitulii: inatikisika, inapanda, inashuka kidogo, inapanda tena. Ikifika usiku wa manane vurugu inakoma, na karibu saa kumi na moja alfajiri inaanza upya. Mvua haina ratiba ya namna hiyo, wala joto la handakini. Ratiba kama hiyo ni ya binadamu na vyombo vyao.

Kabla ya kumtaja mhusika, tuone kwanza kwa nini mtikisiko mdogo hivyo uliwanyima watu usingizi. LEP ilifanya kazi kuanzia mwaka 1989 hadi 2000 ndani ya handaki la mviringo lenye urefu wa takribani kilomita 27, chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Elektroni zilikimbizwa upande mmoja, positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya) upande wa pili, kisha zikagonganishwa. Shabaha kubwa ya miaka ya mwanzo ilikuwa chembe iitwayo Z, mojawapo ya zile zinazobeba nguvu hafifu ya nyuklia. Ukiujua uzito wa Z kwa usahihi, unaweza kuipima nadharia nzima ya chembe kwa ukali ambao vinginevyo haupatikani. Ni kwa kuichunguza Z hii ndipo ilipothibitika kwamba kuna aina tatu tu za nyutrino nyepesi (chembe zisizo na chaji ambazo ni nadra kugusana na kitu chochote), si nne wala tano.

Uzito huo hupatikana kwa kujua nishati ya miali inayogongana, na nishati ya miali inategemea jumla ya nguvu ya sumaku zinazoipinda kuzunguka handaki. Ukikosea kwenye sumaku, umekosea kwenye Z. Jibu la mwisho lilikuwa megaelektronivolti 91,187.5 (kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hukitumia pia kwa uzito wa chembe), na wasiwasi uliobaki ni 2.1 tu, yaani sehemu mbili na kidogo katika laki moja. Kwa kiwango hicho kila kitu kina neno lake. Mwezi ukivuta bahari huvuta na miamba pia, na mwaka 1992 ilionekana wazi kwamba mvuto huo unaubadilisha mzingo wa handaki kwa kama milimita moja. Milimita moja katika kilomita 27 iliisogeza nishati ya miali kwa takribani megaelektronivolti 10. Maji ya ziwa la Geneva nayo, yakijaa na kupungua kwa majira, yaliuelemea mwamba na kuacha alama yake. Mambo hayo yalikuwa yameshahesabiwa. Vurugu ya mchana ilikuwa kitu kingine.

Mhusika alikuwa treni. Upande wa Ufaransa, reli inayotoka Geneva iliendeshwa kwa umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 1,500. Umeme unashuka kutoka waya wa juu, unapita kwenye mota za treni, kisha unatakiwa kurudi kituoni ulikotoka kwa kupitia reli zenyewe. Lakini reli zimelala juu ya udongo. Kama maji kwenye mfereji wa shamba wenye kingo mbovu, sehemu ya mkondo huvuja njiani na kujitafutia njia nyingine ya kufika kulekule. Na jirani ya reli hiyo, chini ya ardhi, palikuwa na bomba la alumini la kilomita 27, safi, lisilokatika: bomba la ombwe ambamo elektroni za LEP zilikimbia. Umeme hauwezi kupata njia nzuri kuliko hiyo. Mkondo wa kama ampea moja ukawa unapita humo, katikati kabisa ya sumaku, nao ukiongeza usumaku wake juu ya ule uliokusudiwa.

Ushahidi ulipatikana Novemba 1995. Wataalamu walipima kwa wakati mmoja volti ya reli, volti ya bomba la LEP, na nguvu ya sumaku handakini. Treni ya TGV, yaani treni ya kasi ya Ufaransa, ya kwenda Paris ilipoondoka Geneva, mistari mitatu ya grafu ilipanda na kushuka pamoja.

Kuna jambo moja hapa ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ingawa wengi huishia kwenye kioja cha treni. Mtu angeweza kusema: kelele inapanda na kushuka, basi tuchukue wastani, itajifuta yenyewe. Kelele hii haikujifuta. Chuma kina tabia ya kushika sehemu ya usumaku kilioupata hata msukumo ukishapita. Kila treni iliyopita iliisukuma sumaku juu kidogo, na ilipotulia haikurudi pale ilipokuwa. Treni ikifuata treni, baada ya saa kadhaa nguvu ya sumaku ilikuwa imepanda kiasi cha kuihamisha nishati kwa megaelektronivolti kadhaa. Na kwa kuwa usahihi wa nishati ulikuwa ukihakikiwa kwa nyakati chache tu, hasa mwishoni mwa mzunguko wa kazi, hesabu za siku nzima zilikuwa zimeegemea upande mmoja bila mtu kujua. Ilibidi vipimo vya nyuma vifanyiwe hesabu upya kwa kufuata tabia hii.

Kiini cha mkasa wote ni kanuni moja: mkondo wa umeme ni lazima urudi ulikotoka. Usipouandalia njia ya kurudi, utajitafutia mwenyewe, na itakayopatikana huenda ikapita mahali usipopenda. Mafundi wanaosanifu vifaa vya umeme wa kukatakata, yaani unaowashwa na kuzimwa haraka haraka, wanapambana na kanuni hiyohiyo kila siku, kwa kipimo cha sentimita badala ya kilomita.

Chukua chaja ya simu. Umeme wa ukutani, volti 230, kwanza hunyooshwa ukawa kama volti 320 za mkondo mnyoofu. Kisha transista huukata na kuuachia makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, wakati mwingine zaidi. Sababu ya kuukata hivyo ni ukubwa: transfoma ya mizunguko 50 kwa sekunde inahitaji donge la chuma, ilhali ile ya mizunguko laki moja inatosha kwenye kiganja na nafasi ikabaki. Gharama yake ni kelele. Badiliko la ghafla la umeme huzaa mawimbi ya masafa mengi kwa pamoja, yakipanda hadi kwenye masafa ya redio. Ndiyo maana ukiweka redio ya masafa ya kati karibu na chaja duni, au taa ya LED ya bei ya chini, stesheni inazama kwenye mikwaruzo.

Hesabu ndogo inaonyesha ubaya wake. Tuseme ampea 10 zinakatwa ndani ya nanosekunde 10, kwenye kipande cha waya cha sentimita moja. Kipande hicho kina ukinzani wa badiliko, yaani induktansi, wa kama nanohenri 10. Zidisha na ugawanye: unapata volti 10, kwenye sentimita moja ya waya ambao kwa macho ni kiunganisho kitupu! Kwa hiyo msanifu mzuri haanzi kwa kununua kichujio. Anaanza kwa kuusaka mzunguko ule ambamo mkondo unakatwa ghafla, yaani kapasita ya kuingizia, transista ya juu na transista ya chini, na kuubana uwe mdogo iwezekanavyo. Kapasita inakaa ubavuni mwa transista, na chini yake kunatandazwa bamba la shaba ili mkondo urudi ukipita palepale ulipokwendea. Mikondo miwili inayokwenda na kurudi ikiwa imebanana, usumaku wake unafutana.

Kelele nyingine ni jeuri zaidi: inatoroka kwa pamoja kwenye waya zote mbili na kurudi kupitia ardhi, sawa na mkondo wa ile treni. Dawa yake ni kuipa njia fupi ya kurudi nyumbani. Chaja nyingi zina kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa simu kwa kazi hiyo tu. Ukigusa bodi ya chuma ya kompyuta inayochajiwa kwa plagi isiyo na waya wa ardhi, ukahisi kitu kama mtetemo kwenye ngozi, mara nyingi unahisi mkondo mdogo unaopita kwenye kapasita hiyo. Kwa chaja iliyotengenezwa vizuri ni chini ya miliampea moja.

Sasa turudi handakini, maana LEP iliondolewa na mahali pake ukawekwa mtambo wa LHC, na huko umeme wa kukatakata umeingia hadi moyoni mwa vipimo. Kigunduzi kama CMS kina tabaka nyembamba za silikoni. Chembe ikipenya tabaka la sehemu tatu za kumi za milimita, inaachia elektroni zipatazo elfu ishirini na kitu, na hizo ndizo ishara yote. Chipu zinazozisoma zinakula volti ndogo na ampea nyingi sana. Kuleta ampea hizo kutoka mbali kungehitaji shaba nene, na shaba ndani ya kigunduzi huzikengeusha chembe unazotaka kuzipima. Afadhali kuleta volti 10 na kuzipunguza palepale: ampea zikipungua mara tatu kwenye waya, joto linalopotea hupungua mara tisa.

Lakini ndani ya CMS kuna uga wa sumaku wa tesla 3.8. Koili ya kawaida ya kipunguza-volti, yenye kiini cha feriti (kauri inayoshika usumaku), hushiba usumaku humo na kuwa bure. Ikabidi koili zisokotwe bila kiini chochote, kwa umbo la pete ili usumaku ubaki ndani, zifunikwe kwa ngao nyembamba ya metali isiyo na usumaku, na umeme wake ukatwe zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde. Zote hizo zikakaa jirani ya silikoni inayohesabu elektroni. Zilifanya kazi, nami nauhesabu huo kuwa ufundi wa hali ya juu.

Hata hivyo, mwaka 2017 baadhi ya vipunguza-volti vya kigunduzi kipya cha pikseli vilianza kufa. Mionzi ilikuwa imeifanya transista moja ndani ya chipu ivujishe mkondo. Chipu ikiwa kazini, hakuna tatizo. Ikizimwa kwa amri, mkondo ule mdogo unakosa pa kwenda, volti inajilimbikiza na kuunguza. Vyote vilibadilishwa wakati wa mapumziko ya baridi, na mwaka 2018 wakaendesha mtambo bila kuzizima chipu kwa njia hiyo.

Kwa awamu ijayo ya LHC, sehemu za ndani kabisa za vigunduzi zimesanifiwa kwa njia tofauti: moduli zinaungwa mfululizo, mkondo uleule ukitoka moja kuingia nyingine hadi ya mwisho. Shaba inapungua mno. Ila kila moduli sasa ina sifuri yake ya volti, tofauti na ya jirani yake, na swali la mkondo wa kelele utarudi kwa njia gani inabidi lijibiwe upya kwa kila mnyororo.