Kupunguza uzito ukiwa na kisukari au presha: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukikonda, watu watajua unaumwa.
Ukweli: Tangu enzi za UKIMWI, kukonda kumebeba hofu kwetu. Anayekonda bila kukusudia akapimwe kweli, kwani kifua kikuu hukondesha, na kisukari pia. Lakini mwenye uzito uliozidi anayepungua kwa mpango anajitibu. Tusimrudishe nyuma kwa maneno.

Dhana: Kisukari kikishaingia, hakirudi nyuma.
Ukweli: Cha aina ya pili kinaweza. Katika utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza, na matokeo yake kutolewa 2017, kundi moja lilianza na mlo maalumu wa kalori kama 850 kwa siku, chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya. Baada ya mwaka, asilimia 46 ya kundi hilo sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Mafuta yaliyosongamana kwenye ini na kongosho yanapopungua, insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, hupata nafasi ya kufanya kazi. Washiriki hao walikuwa wameugua kwa miaka isiyozidi 6 na hawakuwa wakijidunga insulini, kwa hiyo si kila mgonjwa atafika huko. Na uzito ukirudi, sukari nayo mara nyingi hurudi.

Dhana: Bila kupungua sana, hakuna faida.
Ukweli: Mwenye kilo 90 akipunguza 4 au 5 tu, presha na sukari huanza kushuka. Kwa mwenye magoti mabovu, kila kilo inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua.

Dhana: Nikishapungua, naacha dawa.
Ukweli: Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ukiacha vidonge vya presha kienyeji, unakaribisha kiharusi. Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: ukipunguza chakula huku dozi ya insulini au ya glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka ghafla hadi ukazimia. Zungumza na kliniki kabla ya kuanza, dozi irekebishwe.

Dhana: Chai ya kupunguza tumbo inatosha.
Ukweli: Nyingi zinaharisha tu. Mizani inashuka kwa sababu umepoteza maji, na mafuta yako palepale.