Kirutubisho kinachotuliza goti kwa siku mbili kina nini ndani?

Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa dawa kuhusu virutubisho vya viungo yanafanana: kopo limenunuliwa stendi au kwenye kundi la WhatsApp, goti likatulia siku ya pili, baada ya wiki kadhaa uso umevimba na sukari imepanda.

Glukosamini na kondroitini, viambato vinavyopatikana pia kwenye gegedu za viungo na vinavyojaza mengi ya makopo haya, hazina kasi hiyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha watu 1,583 wenye magoti yaliyosagika, ulionyesha kuwa kwa ujumla waliozimeza hawakuwazidi kwa maana waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mafuta ya samaki yana nafuu kidogo kwa baridi yabisi, ambayo ni ugonjwa mwingine. Na wanaosema bamia inarudisha ute wa goti, jamani! Ute wake unaishia utumboni, hauna njia ya kwenda gotini. Kuleni, ni mboga nzuri.

Ndiyo maana nafuu ya haraka inatutia shaka. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitahadharisha kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho: ilikutwa na diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, steroidi ya kutuliza uvimbe inayofanya kazi kama homoni ya mwili; zote hazikuandikwa kwenye lebo. Ya kwanza huumiza tumbo na figo, ya pili hupandisha sukari na presha.

Ukipata madhara, usitupe kopo. Tunahitaji namba ya toleo, jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, risiti kama ipo, na vidonge vilivyobaki vikiwa ndani ya kopo lake, si kwenye kipande cha gazeti. Mtoa huduma wa afya atajaza fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa.

Kwa wauzaji: tangu 2019 hapa Tanzania vyakula viko TBS (Shirika la Viwango), dawa zimebaki TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Ukishatangaza kuwa bidhaa "inatibu", umeingia kwenye Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Kutangaza dawa bila kibali ni kosa la faini au kifungo, na mzigo hukamatwa na kuteketezwa. Utetezi wa "ni mimea tu, haina kemikali" tumeuzoea, maabara haiusikilizi.

Aliyetumia kopo la namna hiyo kwa wiki kadhaa asiache ghafla kwa kuisoma makala hii. Kama lina deksamethasoni, mwili unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wa asili wa aina hiyo, na kukatisha ghafla ni hatari. Aende hospitali leo, kopo mkononi.