Glandi ya kebo ya nje si kizibo cha tundu

Masika yakikaribia, simu za dawati letu la umeme hubadilika. Badala ya "nitaungiwa lini?" tunasikia "bomba la kisima linanirusha" au "geti linauma ukiligusa na mikono mibichi". Tukifika, mara nyingi pampu ni nzima na mein swichi haina kosa. Tatizo tunalikuta kwenye boksi la kuungia lililo nje, pale kebo ya deraya, ile iliyozungushiwa nyaya za chuma, inapoingia.

Kwanza niwashukuru mlionunua kebo ya deraya, na hamkufukia waya wa ndani ya nyumba kwenye bomba la maji kama wengine. Kebo hiyo ni ghali, tunajua. Lakini zile nyaya za chuma zilizoizunguka hazikuwekwa kwa ajili ya jembe peke yake. Hitilafu ikitokea, ndizo zinazotakiwa kuurudisha umeme kwenye ethi, yaani njia ya kwenda ardhini, ili breka au RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ikate. Zikifika kwenye boksi, kinachozishika ni glandi, kifungio cha chuma kinachoibana kebo pale inapoingia. Kwa hiyo glandi ni kiungo cha umeme, sawasawa na kiungo cha waya wa moto, ila ubovu wa hiki huujui mpaka siku ya hitilafu. Ndiyo maana jibu la "mbona taa zinawaka?" linatuchosha. Taa haziihitaji ethi ili ziwake.

Msimu uliopita nilifungua boksi la pampu uani kwa mteja mmoja. Boksi la plastiki, imara, kifuniko chenye mpira wake. Chini yake glandi tatu zinang'aa: ya kebo itokayo nyumbani, ya pampu na ya taa ya uani. Zimekazwa kwa spana, huwezi kuzigeuza kwa mkono. Ndani hapakuwa na waya hata mmoja unaounganisha glandi moja na nyingine. Fundi alikuwa ametumia kebo ya nyuzi mbili, akitegemea deraya iwe ethi, kisha akaikatisha deraya hiyo kwenye plastiki. Bomba la chuma la kisima lilikuwa limefungwa kwenye deraya ya kebo ya pampu, na deraya hiyo haikwenda kokote. Siku waya wa moto ulipochubuka ndani ya pampu, bomba zima likawa na volti 230. Dada aliyekwenda kuteka maji alikuwa amevaa kandambili kavu, akarushwa tu.

Kilichokosekana ni banjo tatu na vipande vifupi vya waya wa kijani na njano. Banjo ni pete yenye sikio, inavaliwa kwenye uzi wa glandi (mikunjo ya skrubu) kabla ya nati. Kwenye sikio unafunga waya kwa bolti, na nyaya zote hizo zinakutana kwenye kituo kimoja cha ethi ndani ya boksi. Dukani banjo mara nyingine iko kwenye pakiti ya glandi, mara nyingine inauzwa peke yake, na hapo ndipo mteja anaposema "hiyo acha". Tafadhali usiiache.

Fundi yule alijitetea kwamba alikuwa amepigilia ethi rodi, fimbo ya chuma ya ardhini, kando ya kisima. Tufanye hesabu. Tuseme rodi imepata ukinzani wa omu 20, kipimo ambacho kwenye ardhi kavu wengi wangekishangilia. Volti 230 ukigawa kwa 20 unapata ampia 11.5. Breka ya ampia 16 haikati kwa mkondo huo, hata ukae mpaka asubuhi. RCD ya miliampia 30 itakata, na ndiyo sababu tunaidai, lakini nayo inahitaji njia ya ethi iliyokamilika. Bila njia hiyo, itasubiri mtu aguse ndipo ikate kupitia mwili wake.

Boksi la chuma lina hila yake. Watu huamini kwamba chuma kikigusana na chuma kazi imekwisha. Rangi ya boksi haipitishi umeme. Kwangua rangi mahali nati inapokaa, na bado weka banjo, kwa sababu mahali palipokwanguliwa patashika kutu, na pwani kutu haichelewi.

Aina ya glandi nayo ni muhimu. BW ni ya ndani, haina mpira wa kubana ganda la nje la kebo. Nje tumia CW, au E1W inayobana ganda la nje na la ndani pia. Silikoni iliyopakwa juu ya BW haiigeuzi kuwa CW. Angalia pia saizi: 20S na 20 zote zina uzi wa milimita 20 na zinaingia tundu lilelile, ila unene wa kebo zinaoushika ni tofauti. Chagua kwa kupima kebo, si tundu. Fundi aliyekosea saizi huanza kupunguza nyaya za deraya kwa koleo ili kebo ipite, na kila waya anaoukata ni ethi anayoipunguza. Nyaya zote zitandazwe juu ya koni ya glandi, zibanwe zote. Wakati wa kuzikata, msumeno ufike katikati ya unene wa waya tu, kisha uuvunje kwa kuukunja, ili usichane ganda lililo chini yake. Kebo iingie boksi kwa chini, na matundu yasiyotumika yazibwe kwa vizibo vyake, si kwa tepu.

Wapo pia wanaounganisha deraya na nyutro (waya unaorudisha umeme) ndani ya boksi la nje "ili kuokoa waya". Hili silielezi kwa upole. Nyutro ikikatika upande wa nyumbani, kila chuma kilichofungwa kwenye deraya hiyo kinakuwa na moto, na hakuna breka itakayojua.

Sasa utaratibu. Kazi hii ni ufungaji wa umeme kama ufungaji mwingine wowote, hata kama ni boksi moja uani. Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme, anayeifanya awe na leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ya daraja linalohusika, na kufanya bila leseni ni kosa la jinai. Omba kuiona leseni kabla ya kulipa malipo ya awali: soma jina, daraja na tarehe ya mwisho. Akimaliza, apime mambo mawili mbele yako. La kwanza ni mwendelezo wa ethi kutoka glandi ya mwisho hadi baa ya ethi nyumbani. Kwa kebo ya mita 40 kipimo kiwe chini kabisa ya omu 1. La pili ni insulesheni, yaani uwezo wa maganda ya nyaya kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500, isipungue megaomu 1, vifaa vikiwa vimetolewa. Vipimo viandikwe, visainiwe, namba ya leseni iwepo, na nakala moja ubaki nayo wewe. Karatasi isiyo na vipimo, yenye neno "OK" tu, hatuipokei. Mkaguzi akikuta hatari, huduma inakatwa, na hairudi mpaka marekebisho yafanyike na ukaguzi urudiwe. Fundi anaweza kusimamishiwa au kufutiwa leseni. Mwenye nyumba aliyemwita asiye na leseni asitarajie kwamba "sikujua" itamsaidia.

Ukihisi bomba au boksi linarusha, usilifungue na usilijaribu kwa tesita ya bisibisi. Zima mein swichi, zuia watoto na mifugo wasisogee, kisha utupigie na kutueleza vitu viwili: boksi ni la plastiki au la chuma, na kebo ngapi zinaingia.