Mafunzo ya kijeshi kazini ni kitu gani hasa?

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba kampuni yao inaleta mafunzo ya kijeshi kwa ajili ya usalama kazini, atauliza kama wataamshwa saa kumi alfajiri wakakimbizwe mchangani pale Nyali na afande mwenye firimbi. Na kusema kweli wapo wanaouza hiyo, watu wa ofisi wanavishwa tisheti za madoadoa ya jeshi, wanatambaa matopeni, wanapiga picha, wanakula pilau wanarudi nyumbani. Raha yake ipo sikatai, lakini siku godauni likishika moto kule kutambaa hakumsaidii mtu asiyejua mlango wa nyuma unafunguliwa vipi.

Maana yenyewe ni kuchukua ile namna jeshi linavyowaandaa watu kwa dakika ambayo akili inaganda, ukaileta kiwandani, hotelini, bandarini, hata dukani. Bunduki hazihusiki, wala kwata. Kinachohusika ni kurudia kitendo mpaka mwili ukijue, kila mtu kujua amri anaipokea kwa nani, halafu baada ya zoezi watu wakae chini waambiane ukweli.

Mtu akishtuka hufuata alichozoea. Atarudi kuchukua simu na mkoba, au atasimama kuangalia wenzake wanafanya nini, kumbe nao wanamwangalia yeye. Ndo maana jeshini kitu kinafanywa polepole kwanza, halafu kwa kasi, halafu gizani, mpaka mkono uende wenyewe kama mtu anavyotia udhu bila kufikiria. Chukua ule mtungi mwekundu ukutani, unachomoa pini, unalenga kwenye shina la moto si kwenye ndimi, unabana mkono, unapepea kushoto na kulia. Kwa maneno ni rahisi, lakini mtungi wa poda wa kilo 6 unaisha kabla ya nusu dakika, sasa yule anayeanza kusoma maelezo moto ukiwa mbele yake, poda yote itaishia hewani.

Mfano unaotajwa sana ni wa Rick Rescorla, aliyepigana Vietnam na jeshi la Marekani, baadaye akawa mkuu wa usalama wa kampuni ya fedha ya Morgan Stanley kwenye yale maghorofa mawili marefu ya World Trade Center kule New York. Baada ya bomu lililopigwa hapo 1993 akawa anawateremsha wafanyakazi ngazini mara kwa mara, wawili wawili, na wengine wakinung'unika kwamba anawapotezea muda wa biashara. Tarehe 11 Septemba 2001 jengo la kwanza lilipogongwa na ndege, watu wa jengo la kusini walitangaziwa wabaki ofisini, yeye hakusubiri, akawaambia watu wake watoke. Kampuni ilikuwa na watu karibu 2,700 mle ndani na karibu wote walitoka hai. Yeye alirudi juu kutafuta waliobaki, hakutoka tena.

Na wala hatuhitaji kwenda New York, muulize baharia yeyote hapa kwetu. Kanuni za SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka kila baharia ashiriki zoezi la moto na zoezi la kuacha meli angalau mara moja kwa mwezi, na kama zaidi ya asilimia 25 ya mabaharia hawakufanya mazoezi kwenye meli hiyo mwezi uliopita, basi yafanywe ndani ya saa 24 baada ya meli kung'oa nanga. Honi fupi saba au zaidi halafu moja ndefu, kila mtu anajua aende wapi na ashike nini, manake orodha imebandikwa ukutani. Sasa teremka, toka geti la bandari ya Kilindini uingie ofisi yoyote mjini. Kanuni za Kenya za kupunguza hatari za moto, za mwaka 2007, zinataka zoezi angalau mara moja kila miezi 12, na hiyo moja yenyewe utakuta imetangazwa wiki nzima mbele, watu wanakuja wamevaa raba kabisa!

Hilo la amri nalo watu hudhani ni kufoka. Ukweli ni kwamba swali ni moja tu, bosi yuko Nairobi, meneja ameenda swala ya Ijumaa, king'ora kinalia, nani anasema "tokeni"? Hilo linatakiwa lijulikane mapema, na wa pili wake ajulikane, na wa tatu, na kila mmoja awe na watu wachache, watano hivi, ambao anaweza kuwahesabu kwa macho. Amri iwe fupi na aliyeipokea airudie, "funga gesi", "nafunga gesi", "gesi imefungwa", vilevile kama mshika usukani anavyomrudishia nahodha.

Lakini ningeambiwa nichukue kimoja tu ningechukua kile kikao cha baadaye. Jeshi la Marekani lilikifanya desturi kuanzia miaka ya 1970: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, na mara ijayo tubadilishe nini. Vyeo vinawekwa kando, askari wa cheo cha chini kabisa anamwambia kapteni ulichelewa. Hapa ndo sisi tunakwama, kibarua wa mkataba atamwambiaje meneja kakosea, kesho si ataambiwa ana mdomo?

Na anayejua tatizo mara nyingi ni huyo huyo. Tuseme depo ya mafuta Shimanzi, mahali pa kukusanyika ni upande wa kaskazini wa uwanja, zoezi lilifanywa Januari kaskazi ikivuma, wote wakasema safi. Ikifika Juni ni kusi, upepo umegeuka unatoka kusini, moshi wote unawafuata pale pale walipojipanga. Mlinzi wa geti analijua hilo kwa sababu vumbi la malori analila yeye kila msimu, ila hakuna aliyemuuliza. Dawa yake ni sehemu mbili za kukusanyika na kitambaa juu ya mlingoti watu waone upepo unaenda wapi.

Cha kuacha hukohuko kambini ni adhabu. Ukimpigisha mtu pushapu kwa sababu alichelewa kutoka, mwezi ujao mlango uliokwama hatautaja. Pia si kila mtu ni kuruta, kuna mama mjamzito, kuna asiyesikia king'ora, kuna mwenye magongo ghorofa ya nne, na hao wawemo kwenye zoezi lenyewe na mtu wa kuwasaidia awe ashajaribu, isiwe wanaambiwa "nyinyi kaeni hapo pembeni leo". Kikao nusu saa kinatosha, na kila kinachoandikwa kiwe na jina la mtu wa kukitengeneza na tarehe, kisha zoezi la pili lifanywe bila kutangazwa, ikiwezekana zamu ya usiku.